Ukiona Vyaelea, Vimeundwa: Kipepeo, Kiwavi na Mmea Mlezi katika Msamiati na Fasihi ya Kiswahili

IKISIRI

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyomtaja kipepeo, kiwavi, na mmea ambao kiwavi hulelewa juu yake. Hoja kuu ni kwamba lugha yetu imempa kipepeo jina lenye sifa njema, ikampa kiwavi jina lenye sifa mbaya, na kuuacha bila istilahi iliyozoeleka mmea unaowaunganisha wawili hao. Makala yanaonyesha kuwa pengo hilo si la kamusi pekee, bali lina athari katika bustani, shambani na katika uhakiki wa fasihi. Mifano imetolewa katika bustani ya vipepeo ya Gede, pwani ya Kenya, na katika mashamba ya Sironga, Nyamira. Mwishoni tunapendekeza istilahi ya "mmea mlezi" na kuonyesha jinsi inavyoweza kutumika.

1.0 UTANGULIZI

Methali isemayo "Ukiona vyaelea, vimeundwa" ilitoka kwa watu wa mwambao, waliojua kwamba chombo kinachopendeza majini kilipitia mikononi mwa mafundi, kikachongwa na kupigwa misumari kabla ya kushushwa baharini. Aghalabu tunaitumia kumkumbusha anayestaajabia matunda ya kazi kwamba kazi yenyewe ilikuwapo. Katika makala haya tunaiazima kwa ajili ya kiumbe mwingine aeleaye, yaani kipepeo.

Nilipokuwa mtoto huko Sironga, palikuwa na mlimau mmoja nyuma ya nyumba yetu. Mvua zilipoanza, mlimau ulichipua majani machanga, na majani hayo yaliliwa na viwavi wadogo waliofanana na mavi ya ndege. Mama alinituma niwaokote mmoja mmoja na kuwaponda. Nilifanya hivyo kwa bidii, kwa sababu waliniogofya: walipoguswa walichomoza kichwani pembe mbili laini zenye harufu kali. Mchana wa siku iyo hiyo nilikuwa nikiwafukuza uani vipepeo wakubwa weusi wenye madoa ya manjano, nikitamani kumshika japo mmoja. Hakuna aliyeniambia, nami sikuuliza, kwamba niliowaponda asubuhi ndio niliowatamani mchana.

Kutojua huko hakukuwa kwangu peke yangu. Sehemu zifuatazo zitaonyesha kwamba lugha niliyosomea ilichangia, na kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu fulani katika jambo hili.

2.0 KIPEPEO NA KIWAVI KATIKA MSAMIATI

Kimofolojia, nomino "kipepeo" imeundwa kutokana na kitenzi "pepea" kwa kupachikwa kiambishi ki- mwanzoni na irabu -o mwishoni. Muundo huu ni ule wa majina ya vifaa: ziba hutoa kizibo, funika hutoa kifuniko. Si ajabu basi kwamba neno "kipepeo" hutaja pia kifaa cha kupepea moto. Kinachotofautisha maana hizo mbili ni upatanisho wa kisarufi. Tunasema "kipepeo hiki kimechakaa" tukikusudia kifaa, na "kipepeo huyu amechoka" tukikusudia mdudu. Kwa hiyo jina la mdudu huyu limetokana na mwendo wake hewani, na linamhusu akiwa mkamilifu tu. Halidokezi lolote kuhusu alikotoka.

"Kiwavi" ni neno tofauti kabisa. Halina uhusiano wa kimofolojia na kipepeo, wala msikilizaji halazimiki kuwaza kwamba mmoja ni mtoto wa mwenzake. Isitoshe, neno hili limezoeleka zaidi katika muktadha wa hasara. Viwavijeshi wanaojulikana tangu zamani kwa kufyeka mahindi na malisho, pamoja na viwavijeshi vamizi waliothibitishwa kuingia Kenya mwaka 2017 kutoka upande wa magharibi mwa Afrika, wamelifanya jina hili kuwa la adui. Ilhali viwavijeshi wa aina zote mbili si watoto wa vipepeo. Ni watoto wa nondo. Lakini kwa kuwa "kiwavi" hutaja mtoto wa nondo na mtoto wa kipepeo bila kuwatenga, mkulima anayehimizwa "kuua viwavi" hana neno la kumkinga asiyehusika. Hapa ndipo suala la msamiati linapogeuka kuwa suala la uhai na mauti.

Hatua inayofuata katika maisha ya kipepeo ina tatizo jingine. Wataalamu wengi huiita "pupa", neno lililotoholewa kutoka lugha za kigeni. Katika Kiswahili, hata hivyo, "pupa" tayari ni haraka yenye tamaa: mtu hula kwa pupa, husema kwa pupa. Hii ni homonimu yenye kinaya kikubwa, kwani pupa wa kipepeo ndiye kiumbe asiye na pupa hata kidogo. Hali, hanywi, hatembei. Amejining'iniza kwenye kijiti kwa siku kadhaa au majuma, mwili wake ukiundwa upya ndani ya ganda. Upatanisho hutusaidia tena kutofautisha: "pupa huyu" na "pupa hii". Wapo wanaotumia neno "kifukofuko" badala yake, lakini inafaa tahadhari. Kifukofuko ni nyumba ya nyuzi ambayo nondo wengi hujifumia, akiwemo yule wa hariri. Pupa wa vipepeo wengi huwa uchi, bila nyumba ya namna hiyo.

Kwa hiyo Kiswahili kina msamiati wa kutosha kutaja yai, kiwavi, pupa na kipepeo. Tunachokosa ni neno linalozieleza hatua hizi kama safari moja. Safari hiyo huanzia juu ya jani, na si jani lolote tu.

3.0 DHANA YA MMEA MLEZI

Watu wengi hudhani kwamba kipepeo huishi kwa maua, hivyo bustani yenye maua mengi itakuwa na vipepeo wengi. Hiyo ni nusu ya ukweli. Maua humpa kipepeo mbochi, ambao huufyonza kwa mrija wake. Lakini kiwavi hana mrija. Ana meno ya kutafunia majani, na aghalabu hawezi kula majani ya mmea wowote isipokuwa ya jamii chache mahususi. Kipepeo jike hulijua hilo. Kabla ya kutaga huligusagusa jani kwa miguu yake, yenye viungo vya kuonja. Asipoitambua ladha anayoitafuta, huondoka bila kutaga.

Sababu ya uchaguzi huu ilielezwa na wanabiolojia wa Marekani Paul Ehrlich na Peter Raven katika makala yao ya mwaka 1964. Walionyesha kwamba mimea hujikinga kwa kemikali kali dhidi ya wanaoila, na kwamba jamii fulani za vipepeo zimepata uwezo wa kuzistahimili kemikali za jamii fulani za mimea. Kwa muda mrefu mno kila upande umekuwa ukijibu hila za upande wa pili. Ndiyo maana kipepeo wa mlimau, Papilio demodocus, hulelewa na milimau, michungwa na jamaa zao. Danaus chrysippus, kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi za mabawa, hulelewa na magugu yenye utomvu mweupe. Naye Charaxes candiope hulelewa na miti ya jamii ya Croton, ambayo miongoni mwayo umo ule Abagusii wauitao omosocho.

Mmea wa namna hii tuuiteje? Istilahi mbili hujitokeza haraka. Ya kwanza ni "mmea mwenyeji". Udhaifu wake ni kwamba "mwenyeji" katika biolojia hutumiwa pia kwa kiumbe anayebeba vimelea, na katika matumizi ya kawaida mwenyeji humpokea mgeni anayekuja na kuondoka. Maelezo hayo yanaufaa zaidi mmea wa maua, ambao kipepeo huutembelea kwa dakika chache. Ya pili ni "mmea mlishi". Hii ni bora zaidi, ila nao mmea wa mbochi hulisha, hivyo tofauti haijitokezi.

Tunapendekeza "mmea mlezi". Mlezi katika Kiswahili si lazima awe mzazi. Ni yule anayekabidhiwa mtoto wa mwingine akamkuza. Ndivyo ilivyo hapa: mama hutaga na kwenda zake, na mmea humlea mtoto mpaka atakapojitegemea. Wanachama wa vyama vya Kiswahili vyuoni wanalifahamu neno hili vyema, kwani kila chama kina mlezi wake, na wanajua chama kisicho na mlezi huishia wapi. Mmea unaotoa mbochi kwa kipepeo mkomavu unaweza kuitwa tu "mmea wa mbochi". Kwa istilahi hizi mbili, kanuni ya bustani ya vipepeo hutamkika kwa sentensi moja: mmea wa mbochi humwita kipepeo, mmea mlezi humfanya awepo.

4.0 MFANO WA GEDE

Kanuni hiyo imetekelezwa kwa miaka mingi katika eneo la magofu ya Gede, karibu na Malindi, ambayo tangu mwaka 2024 yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Hapo ndipo makao ya Mradi wa Kipepeo, ulioanzishwa mwaka 1993 chini ya Makavazi ya Taifa ya Kenya, mwanabiolojia Ian Gordon akiwa miongoni mwa waasisi wake. Jirani yake ni msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa takriban kilomita mraba 420 na zaidi ya spishi 250 za vipepeo.

Mradi ulizaliwa katika mgogoro. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wengi wa majirani wa msitu walitaka ukatwe ili wapate mashamba. Nyani na ndovu walikuwa wakiharibu mazao yao, na faida ya msitu hawakuiona. Mradi uliwapa njia ya kupata fedha kutoka msituni bila kuukata. Utaratibu wake ni huu. Mkulima huruhusiwa kukamata vipepeo jike wachache msituni. Huwaweka ndani ya tundu la chandarua pamoja na chipukizi za mmea mlezi, nao hutaga. Viwavi wakianguliwa huwalisha majani mabichi kila siku hadi wageuke kuwa pupa. Pupa hupelekwa Gede, hukaguliwa, hufungwa kwa pamba na kusafirishwa kwa ndege hadi kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo Ulaya na Marekani. Yote haya hufanywa kwa haraka, kwani pupa hangoji: wakati wake ukifika atapasuka hata akiwa njiani.

Jambo la kuzingatiwa na msomaji ni kazi ambayo mkulima hujikuta akiifanya. Ili alishe viwavi inambidi apande mimea milezi nyumbani kwake. Mimea hiyo ni ya msituni, na aghalabu ni ile ambayo hapo awali angeing'oa kama magugu. Aidha inambidi awaangalie viwavi kwa jicho jipya. Kiwavi wa Gede ndiye karo ya shule. Neno ni lile lile, lakini maana-husishi yake imegeuka kwa sababu mwenye kulitamka anajua kiwavi huyo atakuwa nani.

Mfano huu ulienea. Katika milima ya Usambara Mashariki, Tanzania, wanavijiji wa Amani walianza kufuga vipepeo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Na huko Pete, karibu na msitu wa Jozani, Unguja, kulifunguliwa kituo cha vipepeo kinachopokea wageni. Hata hivyo njia hii ina hatari zake. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilipopiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, wafugaji wa Amani walipoteza soko lao. Mmea mlezi ulikuwepo, viwavi walikuwepo, ila mnunuzi hakuwepo. Uhifadhi unaotegemea mnunuzi mmoja wa mbali huyumba mnunuzi huyo akiondoka, na ndiyo sababu elimu ya wenyeji wenyewe, katika lugha wanayoielewa, haiwezi kuachwa nyuma.

5.0 FUNZO KWA FASIHI

Katika mashairi tunayoandika vyuoni, kipepeo ni taswira iliyochujuka. Huja kuashiria uzuri, au mpenzi kigeugeu arukaye kutoka ua hadi ua, kisha huondoka. Uhakiki wa kimazingira unatudai zaidi ya hapo. Unatutaka tuulize kama kiumbe kilichomo katika shairi ni kiumbe au ni pambo tu. Mifano mitatu itatosha kuonyesha utajiri tunaoukosa.

Kwanza, kuna kinaya cha mlo. Vipepeo wa jamii ya Charaxes, wenye mabawa ya fahari kuliko wengi, hawashughuliki sana na maua. Hupenda matunda yaliyooza, utomvu wa miti na hata kinyesi cha wanyama. Wanaotaka kuwanasa huweka mtegoni ndizi zilizoiva kupita kiasi. Mshairi anayelijua hili ana sitiari ya wakubwa na wanachokila ambayo hajaiazima kwa mtu.

Pili, kuna suala la kuiga. Danaus chrysippus hupata sumu kutokana na mmea wake mlezi akiwa kiwavi, na sumu hiyo hubaki mwilini hadi utu uzima. Ndege akimla mara moja hamrudii. Jike wa Hypolimnas misippus hana sumu hiyo, lakini amevaa rangi zile zile, naye huachwa. Naye Papilio dardanus hushangaza zaidi: dume ni wa rangi ya manjano hafifu mwenye mikia, ilhali majike wengi hawana mikia, na huiga vipepeo mbalimbali wenye sumu kiasi kwamba asiyejua angedhani ni spishi tofauti. Huu ni utajiri kwa anayeandika kuhusu vazi, cheo na udanganyifu. Tuzingatie pia kwamba ukali wa Danaus chrysippus umetokana na malezi, na mwigaji ameazima sura tu bila kupitia malezi yale.

Tatu, kuna nidhamu ya usahihi. Mwandishi Vladimir Nabokov, aliyefundisha fasihi katika vyuo vikuu vya Marekani, alikuwa pia mtafiti wa vipepeo, na katika miaka ya 1940 alifanya kazi katika makumbusho ya zuolojia ya Chuo Kikuu cha Harvard. Nadharia yake kuhusu namna kundi moja la vipepeo wadogo wa buluu lilivyofika Amerika kutoka Asia iliungwa mkono na uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2011, miaka zaidi ya thelathini baada ya kifo chake. Mtu huyo huyo aliwadai wanafunzi wake wa fasihi wajue mdudu wa Kafka ana umbo gani hasa. Usahihi haukuidhuru sanaa yake.

6.0 KUTOKA GEDE HADI SIRONGA

Yaelekea msomaji atauliza: Gede ina msitu, Sironga ina nini? Nyamira ni nchi ya chai, migomba na mashamba madogo yaliyogawanywa tena na tena baina ya ndugu. Mabondeni na kando ya vijito imepandwa mikaratusi, mti wa asili ya Australia unaokua upesi na kuleta fedha, kiasi kwamba mwaka 2009 Waziri wa Mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliagiza ing'olewe kwenye kingo za mito na vyanzo vya maji nchini. Mjadala wa mikaratusi umekuwa daima mjadala wa maji. Kuna jambo jingine ambalo hutajwa kwa nadra: mkaratusi si mlezi wa vipepeo wetu. Omosocho ukikatwa ukapandwa mkaratusi mahali pake, hesabu ya miti haipungui, lakini mlezi mmoja ametoweka.

Ni lazima pia tuwe waadilifu kwa mkulima. Si kila kiwavi wa kipepeo anastahili kuachwa. Viwavi wa Acraea acerata, kipepeo mdogo wa rangi ya chungwa, hula majani ya viazi vitamu, na wakizidi wanaweza kuacha shamba zima likiwa vikonyo vitupu. Kwake yeye mmea mlezi ni chakula cha watu. Hata mama hakukosea kuhusu mlimau ule: mche mchanga ukimalizwa majani hudumaa. Tusichotaka ni uamuzi unaofanywa bila kujua. Anayeokota viwavi wa viazi akijua ni akina nani amechagua. Mimi kwenye mlimau sikuchagua chochote.

Kwa hiyo hatuhitaji msitu ili kuanza. Bustani ya umma, uwanja wa shule au wa chuo unatosha: mlimau mmoja ulioachiwa viwavi, omosocho kwenye ua, magugu ya utomvu yasiyofyekwa kwenye kona moja, na maua ya mbochi kati yake. Kinachobaki ni kazi yetu, nayo ni kuandika vibao. Katika bustani kadhaa nilizozitembelea, mimea ilikuwa na vibao vya Kilatini na Kiingereza pekee. Mgeni anayesoma Kiswahili aliondoka bila kuambiwa lolote. Kibao cha Kiswahili kingeweza kusema hivi:

"MLIMAU. Mmea mlezi wa kipepeo Papilio demodocus. Ukimwona kiwavi juu ya majani haya, mwache. Rudi baada ya majuma machache umtafute hewani."

Chini yake pangeandikwa jina la mti kwa lugha ya wenyeji. Kibao cha maneno machache kama hayo ni zoezi halisi la istilahi, tafsiri na mtindo, na kinafaa kufanywa na darasa lolote la Kiswahili.

7.0 HITIMISHO

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba Kiswahili kina maneno ya kumtaja kipepeo katika hatua zake zote, ila hakijazoea kuutaja mmea unaozibeba hatua hizo. Tumependekeza "mmea mlezi" na kutoa sababu za kuipendelea istilahi hiyo kuliko "mmea mwenyeji" na "mmea mlishi". Tumeonyesha pia kuwa taswira ya kipepeo katika fasihi yetu ingenufaika kwa kurejeshwa juu ya jani ilikoanzia. Wasomaji wenye majina ya vipepeo na ya mimea yao milezi katika lugha za kwao wanahimizwa kuyakusanya kabla wazee wanaoyajua hawajaondoka nayo.

Mlimau wa nyuma ya nyumba yetu ungali unasimama, mkubwa sasa kiasi cha kuvumilia viwavi wachache. Niliporudi Sironga likizo iliyopita, nilimwonyesha mama pupa aliyening'inia chini ya tawi, nikamweleza ni nani. Alimtazama kwa muda, kisha akaniuliza kwa nini hatukufundishwa hayo mapema. Swali hilo naliacha mbele ya walimu na wanafunzi wenzangu.